Elisha Otis: fundi aliyeifunga mashine ya zamani kibano cha kuokoa maisha

Simama kando ya barabara yenye mteremko, hapa Kiruruma au popote Karagwe na Kyerwa, uwaangalie vijana wanaoshuka na baiskeli zilizosheheni mikungu ya ndizi. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine haubanduki kwenye breki. Kile kiwaya chembamba cha breki ndicho kinachobeba roho ya mtu. Kikikatika katikati ya mteremko, mipira haiwezi tena kubana rimu, na baiskeli inaondoka na mzigo wake.

Sasa muulize dereva wa lori kubwa la breki za hewa, lile linalobeba kahawa kwenda Bukoba. Atakwambia kwamba hewa ikivuja yote, lori halikimbii. Linajifunga. Ndani ya breki za nyuma kuna springi kali zinazotaka kubana muda wote, na hewa ndiyo inayozizuia. Hewa ikitoka, springi inafanya kazi yake bila kuambiwa na mtu.

Breki ya baiskeli inahitaji nguvu ili ibane. Breki ya lori inahitaji nguvu ili iachie, na nguvu ikipotea inabana yenyewe. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini imeokoa watu wengi duniani. Mtu aliyeifanya ijulikane kote ni fundi wa Kimarekani aliyefariki zaidi ya miaka 160 iliyopita, Elisha Graves Otis. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, kwa sababu kazi yake kubwa ilianzia mahali tunapopajua sisi: kwenye mashine kuukuu ambayo hakuna aliyekuwa na fedha ya kuibadilisha.

Mtoto wa mkulima

Otis alizaliwa tarehe 3 Agosti 1811 katika kijiji cha Halifax, jimbo la Vermont, eneo la vilima na baridi kali kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima. Walizaliwa watoto sita, naye ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Kilimo hakikumkaa moyoni. Alipofika miaka 19 hivi aliondoka nyumbani akaenda mji wa Troy, jimbo la New York, akafanya kazi ya kuendesha magari ya mizigo yanayovutwa na farasi. Kazi hiyo haikuwa na sifa, lakini ilimfundisha jambo moja ambalo lingemfaa baadaye. Gari la farasi lilikaa juu ya springi za bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama zile unazoziona chini ya Fuso. Otis aliwajua farasi, akayajua magurudumu, akazijua springi.

Mwaka 1834 alimuoa Susan Houghton. Haikupita muda akashikwa na nimonia iliyokaribia kumuua. Alipopata nafuu walihamia sehemu iitwayo Green River, huko huko Vermont, akaanza maisha upya akiwa na familia.

Kinu kilichokosa wateja

Pale Green River alijenga kwa mikono yake kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa na maji ya mto. Kinu kilisaga vizuri, lakini fedha haikutosha kuendesha nyumba. Otis hakukibomoa. Alikibadilisha kuwa mashine ya kupasua mbao, akitumia maji yale yale na jengo lile lile. Hiyo nayo haikupata wateja wa kutosha. Akageukia kutengeneza magari ya farasi, na hapo akajipatia jina la ufundi.

Wenye mashine za kusaga katika vijiji vyetu watamwelewa haraka. Wapo waliowahi kufungua mashine ikakosa wateja, wakaihamishia kazi nyingine badala ya kuiuza kama chuma chakavu.

Mwaka 1842 Susan alifariki. Otis akabaki na watoto wawili wa kiume, Charles na Norton, na huyu wa pili alikuwa bado mdogo sana. Baadaye alioa tena, akahamia mji wa Albany na kuajiriwa katika kiwanda cha vitanda.

Mashine ya mbao za vitanda

Kazi ya pale ilikuwa kukereza mbao za ubavu wa vitanda. Fundi mmoja alitengeneza chache tu kwa siku. Otis alichoka na mwendo huo, akabuni mashine iliyokereza mbao hizo kwa kasi ya mara nne. Tajiri wake alifurahi akampa zawadi ya dola 500, fedha nyingi sana kwa mfanyakazi wa wakati huo.

Kwa fedha hizo alifungua karakana yake mwenyewe kando ya kijito, akabuni na gurudumu la maji la kuendeshea mashine. Mambo yalianza kunyooka. Kisha mamlaka ya mji wa Albany ikakigeuza kijito kile ili kiwape wakazi maji ya kunywa. Mashine zikakosa nguvu, na karakana ikafa. Hakuwa amekosea chochote katika ufundi wake. Maji tu ndiyo yaliyoondoka.

Akafungasha tena. Akiwa na umri wa miaka 40 hivi alifika Yonkers, mji ulio jirani na New York, akiwa msimamizi wa kazi ya kuligeuza jengo la zamani la kupasua mbao liwe kiwanda cha vitanda. Ulikuwa mwaka 1852.

Kamba moja, roho nyingi

Jengo lilikuwa na ghorofa, na ndani yake kulikuwa na mashine nzito na mbao za kupandisha juu. Wakati huo tayari kulikuwa na majukwaa ya kupandishia mizigo. Lilikuwa jukwaa la mbao linaloning'inia kwenye kamba, likipanda na kushuka katikati ya nguzo mbili za kuliongoza. Viwanda vingi vilikuwa nayo, na wafanyakazi wake waliyaogopa. Kamba huchakaa, na mara nyingi huchakaa kwa ndani ambako jicho halioni. Siku ikikatika, kila kilicho juu ya jukwaa kinaanguka hadi chini, mzigo na watu.

Wengine walidhani dawa ni kununua kamba nene zaidi. Kamba nene nayo huchakaa, inachelewa tu kukatika. Otis alijiuliza swali tofauti. Aliikubali kamba kuwa siku moja itakatika, akatafuta kitu cha kulishika jukwaa katika sekunde ile ile.

Jibu alilipata kwenye springi ya gari la farasi, ile aliyoizoea tangu ujana wake kule Troy. Tuieleze taratibu ili hata anayesoma kwenye simu bila picha aione kichwani.

Kwenye zile nguzo mbili za kuongozea jukwaa, upande huu na upande ule, Otis aliweka reli zenye meno kama ya msumeno. Juu ya jukwaa akafunga springi ya bamba za chuma. Kamba ya kuvutia hakuifunga kwenye jukwaa moja kwa moja. Aliifunga kwenye springi. Kamba ikiwa imekazwa na uzito wa mzigo, springi inapinda kama upinde wa mshale, na ncha zake mbili zinavutwa ndani, mbali na meno ya reli. Jukwaa linapanda na kushuka bila kugusa kitu.

Kamba ikikatika, hakuna kinachoipinda springi tena. Inanyooka ghafla, ncha zake zinatoka nje kushoto na kulia, zinaingia kwenye meno ya reli na kujikita humo. Jukwaa linasimama likiwa limeshuka kidogo tu. Hakuna mtu anayevuta wala kubonyeza kitu. Uzito ule ule uliokuwa ukiizuia springi isibane, ukipotea kwenye kamba, unairuhusu ibane.

Kumbuka kwamba Otis hakujenga mashine mpya kuanzia mwanzo. Jukwaa, nguzo na kamba vilikuwa vikijulikana kabla yake. Aliongeza reli zenye meno na springi moja, na mashine ya hatari ikawa mashine ya kuaminika.

Kitu kizuri kisichonunuliwa

Mtu angetegemea wateja wapange foleni. Haikuwa hivyo. Otis mwenyewe hakuona kwamba amefanya jambo kubwa. Kazi ya vitanda ilipoyumba, alikuwa akijiandaa kwenda California, ambako maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kutafuta dhahabu.

Kilichomzuia ni oda kutoka New York. Mwenye kiwanda kimoja cha samani alikuwa na jukwaa lililoanguka na kuleta ajali mbaya. Akataka mawili ya usalama, aina ile ya Otis. Septemba 1853 Otis akaanzisha biashara yake rasmi kule Yonkers, katika jengo lile lile la vitanda.

Baada ya hapo oda zilikuja kwa kudondoka. Wenye viwanda hawakupenda kulipia kitu ambacho faida yake inaonekana siku ya ajali tu. Jukwaa lisipoanguka, wanaona fedha yao imekwenda bure.

Mwaka 1854 Otis aliamua kuwaonyesha. Jijini New York kulikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda ya mataifa mbalimbali, katika jumba la vioo na chuma lililoitwa Crystal Palace. Alijenga jukwaa lake mbele ya umati, akapanda juu yake pamoja na mizigo, akainuliwa hadi juu watu wote wamuone. Kisha akaagiza kamba ikatwe. Watu walishika pumzi. Jukwaa lilishtuka, likashuka kidogo, likasimama pale pale. Alilirudia onyesho hilo tena na tena.

Kuanzia hapo oda zikaongezeka mwaka hadi mwaka, ingawa nyingi zilikuwa za mizigo tu.

Lifti ya kwanza ya abiria

Tarehe 23 Machi 1857 lifti ya Otis ya kubeba watu ilianza kazi katika duka la vyombo vya kioo na kauri la E. V. Haughwout, mtaa wa Broadway, New York. Jengo lilikuwa na ghorofa tano. Injini ya mvuke ndiyo iliyoivuta, na mwendo wake ulikuwa kama mita 12 kwa dakika, polepole kuliko mtu anayetembea. Wateja wengi hawakuizoea, na baada ya miaka michache ikafungwa. Jengo lenyewe bado limesimama hadi leo.

Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Kabla ya hapo ghorofa za juu zilikuwa za bei ya chini, kwa sababu nani anataka kupanda ngazi mia kila siku? Watu walipoanza kuiamini lifti, majengo yakaanza kurefuka. Maghorofa unayoyaona ukienda Mwanza au Dar es Salaam yasingejengwa kwa urefu ule kama watu wangekuwa bado wanaogopa kamba.

Akafa akiwa na madeni

Otis aliendelea kubuni. Alitengeneza breki ya treni, plau ya mvuke na tanuri la kuokea mikate linalozunguka. Tarehe 15 Januari 1861 alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda ubunifu, kwa mashine yake ya kupandishia.

Hakuifaidi. Tarehe 8 Aprili 1861 alifariki kwa dondakoo, akiwa na miaka 49. Dondakoo ni ugonjwa ambao leo watoto wetu wanakingwa nao kwa chanjo zinazotolewa kliniki. Siku nne baada ya kifo chake vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Aliacha karakana ndogo yenye wafanyakazi wachache, na madeni.

Wale watoto wawili waliobaki bila mama, Charles na Norton, ndio walioishika kazi. Mwaka 1867 walianzisha kampuni iliyoitwa Otis Brothers. Mwaka 1889 Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa Paris, baadhi ya lifti zake zilikuwa za kampuni yao. Jina la Otis bado limeandikwa kwenye lifti nyingi duniani.

Kibano cha reli siku hizi

Meno ya msumeno yaliachwa baadaye, kwa sababu yanasimamisha kwa mshtuko mkubwa. Lifti za sasa zina reli laini za chuma, na breki ya usalama inazibana kwa kabari au taya mbili, kama mtu anayeshika mpini kwa kiganja. Kanuni haikubadilika.

Vibano vya aina hiyo vimeenea pia viwandani. Mashine nyingi zina sehemu inayoteleza juu ya reli iliyonyooka, iwe ya kukata chuma, kupasua mbao au kuinua mzigo. Kibano kinafungwa kwenye sehemu inayoteleza na kuikumbatia reli. Hewa ya kompresa au umeme unakiweka wazi wakati wa kazi. Umeme ukikatika au mpira wa hewa ukipasuka, springi inakifunga, na kinachoteleza kinasimama. Kreni kubwa za bandarini, zinazotembea juu ya reli, nazo huwekewa vibano ili upepo mkali usizisukume.

Vibano hivi vinaweza kufungwa kwenye mashine ya zamani, kama alivyofanya Otis mwenyewe. Lakini kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyaruka.

Kwanza, uzito. Kibano kichaguliwe kwa kuangalia mzigo mkubwa kuliko wote mashine inaoubeba, pamoja na mshtuko wa kuanguka, na nguvu ya ziada juu yake. Mzigo ulioanza kushuka unavuta zaidi kuliko mzigo uliotulia.

Pili, reli. Iwe imenyooka, haina kutu iliyokula chuma, na haina grisi mahali kibano kinapobana. Kibano kizuri juu ya reli yenye mafuta ni kama breki ya baiskeli yenye matope.

Tatu, fremu na bolti. Siku ya ajali mzigo wote utahamia kwenye reli na nguzo zake. Kama nguzo zilijengwa kwa ajili ya kuongoza tu, zinaweza kung'oka. Hapo kibano kimebana sawasawa, lakini kimeng'oka pamoja na reli.

Nne, kibano cha usalama hakitumiki kama breki ya kila siku. Kazi yake ni kushika. Kikitumiwa kusimamisha mashine kila dakika, taya zinalika, na siku ya shida hakuna kinachobana.

Tano, majaribio. Otis alisimama juu ya jukwaa lake wakati alipokuwa na uhakika nalo. Fundi aanze na magunia ya mchanga, karibu na ardhi, asimwweke mtu. Na majaribio yarudiwe kila baada ya muda, kwa sababu springi inachoka na vumbi linaingia.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa

Kyerwa ina madini ya bati, na watu wamekuwa wakiyachimba tangu enzi za ukoloni. Palipo na shimo refu, pana kamba. Ndoo ya mawe inapanda, na mara nyingine mtu anashuka kwa kamba ile ile. Mafundi ujenzi wanaoinua zege kwa winchi wana kamba. Wachimba visima wana kamba.

Ukipita mahali kama hapo, ulizia swali la Otis: kamba hii ikikatika sasa hivi, nini kitashika? Kama jibu ni hakuna, basi yule aliye chini anategemea bahati. Winchi nyingi hata hazina kile kikucha kidogo kinachong'ata meno ya gurudumu ili lisirudi nyuma mkono unapoteleza kwenye mpini. Kikucha hicho hakihitaji umeme wala hewa, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Kinazuia winchi isirudi nyuma tu. Kamba ikikatika, hakisaidii kitu. Ndiyo maana mtu asishushwe shimoni kwa kamba ya kuvutia mawe.

Kazi ya kufunga kifaa cha kubeba uhai wa watu isifanywe kwa kukisia. Kwa migodi, ofisi za Tume ya Madini zina wakaguzi. Kwa viwanda na majengo, upo Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Kumuuliza mkaguzi kabla ya kufunga ni rahisi kuliko kumpokea baada ya msiba.

Elisha Otis aliuguza kifua, akafiwa na mke, akafungiwa maji ya mto, akafa akidaiwa. Alichotuachia ni springi iliyofungwa juu ya jukwaa kuukuu, na swali la kuuliza kila tunapokamata kamba. Kesho ukifika kazini, kabla hujaanza kuvuta, iangalie kamba yako, kisha angalia kama kuna kitu kingine kinachosubiri ikikatika.